Mrejesho: Cobra ya kujiundia imeacha kukohoa

Wakubwa, nimerudi kama nilivyoahidi. Niliuliza kwa nini nakala yangu ya AC Cobra (gari la michezo la zamani la Uingereza), ile ninayoiunganisha nyumbani hapa Umoja, Nairobi, kutoka seti ya vipande, inatoa moshi mweusi na kukohoa kila nikiiwasha. Aliyesema nifungue plagi za injini (zile za kutoa cheche) kwanza, chai yako ipo. Nilizikuta nyeusi tititi, masizi makavu yanapaka kidole kama sufuria ya kuni.

Kumbe kabureta, kile kifaa cha kuchanganya hewa na petroli, ilikuwa imepangwa kwa hewa ya Uingereza, kule chini karibu na usawa wa bahari. Nairobi tuko mita 1,700 hivi, hewa nyepesi, kwa hiyo petroli ilikuwa inazidi. Nimezunguka Kirinyaga Road, kwenye maduka ya vipuri, siku mbili nikitafuta jeti (kipande cha kabureta kinachopitisha petroli) yenye tundu dogo zaidi. Ya kwanza ilipunguza moshi, ya pili ikamaliza kazi. Sasa hiyo injini ya V8 (silinda nane) ikinguruma, mbwa wa jirani anajificha.

Bodi ya faiba bado haina rangi, na mlango wa kushoto umegoma kufunga, nimeufunga kwa kamba. (Mke wangu anaiita "lile bati", ingawa bati halimo.) Jumamosi ni zamu ya breki. Kabla ya hapo haitoki getini.