Kigugumizi na siku ya ndoa: je, kuona aibu ni upungufu wa imani?

Mwana wa Pangani

Asalaam alaykum ndugu zangu, na salamu kwa wasomaji wa dini nyingine pia. Nina umri wa miaka 31 na nina kigugumizi tangu nilipoanza kusema. Mwezi ujao, Mungu akipenda, nitaoa. Mahari nimekwisha kuitoa, msikiti umepatikana, na jamaa wa bibi harusi wamenipokea kwa mikono miwili. Lakini kila nikilala naiona ile saa ambayo baba mkwe atanishika mkono mbele ya watu, kipaza sauti kikiwa karibu na mdomo wangu, nami natakiwa kujibu kwamba nimekubali. Sauti ya K ndiyo inayonishinda kuliko zote. Nikiifikia, koo hujifunga, shingo hukaza, jicho la kushoto hujifumba lenyewe, na watu huanza kutazama chini.

Nilipokuwa mtoto katika chuo cha Qurani, mwalimu aliyenisomesha aliamini kwamba shetani amenikalia ulimini, akawa ananisimamisha nisome peke yangu mpaka wenzangu wavunjike mbavu kwa kucheka. Mama yangu hakucheka. Yeye aliniandikishia kombe: sahani nyeupe yenye aya zilizoandikwa kwa zafarani, ikasuuzwa kwa maji ya marashi, nikanywa kwa siku saba. Ladha yake bado naikumbuka. Ulimi ulipokataa kufunguka, nilijiona nimemvunja moyo mama, na nikaamini kwamba Mwenyezi Mungu hakunisikia kwa sababu ya ubaya fulani uliomo ndani yangu.

Naomba kuuliza mambo mawili. Je, aibu hii ni upungufu wa imani, ikiwa nakiri kwamba Yeye ndiye aliyeniumba? Na je, niendelee kuomba niondolewe kigugumizi, au kuomba huko ni kuikataa kadari yake, yaani yale aliyokwisha kunipangia?

Bi wa Chuo, Unguja

Waalaykumu salaam mwanangu. Nimesomesha watoto kwa zaidi ya miaka ishirini, na kwanza nataka kukuomba radhi kwa niaba yetu sisi walimu, kwa sababu uliyotendewa si mafunzo ya dini.

Kuhusu swali lako la kwanza, fungua Surat Ash-Shuaraa, aya ya 13. Nabii Musa, amani iwe juu yake, anamwambia Mola wake kwamba kifua chake kinabana na ulimi wake haukunjuki. Hebu yasome maneno hayo polepole, kisha uyalinganishe na ulivyotueleza kuhusu koo lako na shingo yako. Huyo ni mtume, anazungumza na Mola wake, na anayasema hayo bila kuyafunika. Hakukaripiwa kwa kuyasema. Kwa hiyo kifua kubana si kufuru wala si udhaifu wa imani. Ni hali ya mwanadamu aliyepewa kazi nzito. Haya, yaani staha, ambayo Mtume wetu ametufundisha kwamba ni tawi la imani, humzuia mtu asitende baya. Wewe hujatenda baya lolote kwa kukwama kwenye herufi, na aibu unayoibeba si haya, bali ni mzigo uliotwishwa na mtu mzima ulipokuwa mdogo. Una haki ya kuutua.

Swali la pili nalo limo katika kisa hicho hicho. Katika Surat Taha, aya ya 25 hadi ya 28, Musa anaomba akunjuliwe kifua, arahisishiwe kazi yake, na lifunguliwe fundo lililo katika ulimi wake, na sababu anaitaja mwenyewe: wapate kufahamu maneno yangu. Hakusema asichekwe, wala hakusema awe msemaji hodari kuliko watu wote. Wapo wafasiri waliosema kwamba aliomba kiasi cha kumwezesha kufikisha ujumbe tu, ndiyo maana baadaye tunamsikia Firauni katika Surat Az-Zukhruf, aya ya 52, akimdharau kwamba hawezi kusema kwa ubainifu. Yaani dua ilijibiwa, kazi ikafanyika, na dharau ya Firauni ikawepo vilevile. Tena Musa aliomba nduguye Harun awe pamoja naye, akikiri kwamba Harun ana ufasaha kumzidi, wala hakuona kwamba kwa kusaidiwa heshima yake imepungua. Basi omba, mwanangu, na uendelee kuomba. Anayeomba wepesi hajaikataa kadari. Kadari anaikataa yule anayejichukia kwa namna alivyoumbwa.

Ama ndoa yako, kurudia silabi hakuiharibu. Hata bubu hufungishwa ndoa kwa ishara inayofahamika. Mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria, wa madhehebu yetu ya Shafii wameyazungumza haya waziwazi: hata sala nyuma ya imamu mwenye kukariri herufi kwa kigugumizi inasihi, ingawa wameona ni bora atangulie mwingine akiwepo. Nakutajia na sehemu hiyo ya pili ili usije ukaisikia kwingine ukadhani nilikuficha.

Katekista wa Moshi

Kaka yangu, nashukuru kwa kutukaribisha. Na sisi tunasoma habari za Musa huyo huyo. Katika Kutoka 4:10 anasema kwamba yeye si mwepesi wa kusema na ulimi wake ni mzito, na jibu analopewa katika aya inayofuata ni swali: ni nani aliyefanya kinywa cha mwanadamu? Nilipokuwa kijana nililisikia swali hilo kama karipio. Siku hizi, baada ya kukaa na wagonjwa na wazee wengi, nalisikia kama mzazi anayemwambia mtoto kwamba kinywa hicho nakifahamu, kwa maana ni kazi ya mikono yangu.

Ningependa kuongeza habari za mtume Paulo, aliyeandika katika Waraka wa Pili kwa Wakorintho, sura ya 12, kwamba alikuwa na mwiba katika mwili na aliomba mara tatu uondolewe. Haukuondolewa. Aliambiwa kwamba neema inamtosha, na kwamba uweza wa Bwana hutimilika katika udhaifu. Naona faraja katika jambo dogo, kwamba Paulo hakuwaficha Wakorintho hesabu ya maombi yake wala jibu alilopata, na barua hiyo ikasomwa mbele ya kanisa zima.

Abu Zuhura, Mombasa

Kaka, mimi ni mwenzako, na nina miaka 44. Babangu alikuwa na kigugumizi, na kijana wangu wa pili anacho; hali hii hutembea katika ukoo, huanza utotoni, na huwapata wanaume zaidi kuliko wanawake. Sasa angalia jambo hili: nikisoma maulidi kwa sauti moja na wenzangu, sikwami hata mara moja. Wengi wetu tuko hivyo tukiimba au tukisoma pamoja na wengine. Kama ingekuwa ni shetani aliyekaa ulimini, mbona anaondoka watu wakisoma pamoja?

Kilichonisaidia zaidi ni hadithi ya Bi Aisha iliyomo katika Bukhari na Muslim, kwamba anayesoma Qurani kwa kukwama huku ikimwia ngumu ana malipo mawili. Pia kumbuka Bilal, mwadhini wa Mtume, aliyeshindwa kutamka shini, herufi ya Kiarabu ya sauti "sh", akaitamka sini, yaani "s", na Mtume akasema kwamba sini yake ni shini mbele ya Mungu.

Bi wa Chuo, Unguja

Abu Zuhura, hadithi ya malipo mawili ni sahihi na umefanya vyema kuileta. Hii ya Bilal, hata hivyo, nakuomba uiache. Inapendeza, nami niliisomesha kwa miaka kadhaa, lakini wanazuoni wa hadithi, akiwemo Ibn Kathir, wamesema haina asili. Bilal alichaguliwa kuadhini kwa sababu ya uzuri na nguvu ya sauti yake. Huyu kijana anayo ya kweli ya kumtosha.

Abu Zuhura, Mombasa

Nimekubali, mwalimu wangu, na nimeshukuru. Sitaisimulia tena.

Mwana wa Pangani

Nimewasoma wote, na ile aya ya 13 nimeisoma mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Jana baada ya magharibi nilimwendea shehe atakayetuozesha, nikamweleza kwamba nina kigugumizi. Sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu mzima kwa hiari yangu. Alinishika mkono pale pale ukumbini mwa msikiti, tukayapitia maneno ya kukubali mara tatu. Mara ya kwanza nilipita salama. Mara ya pili nilikwama kwenye K, jicho likajifumba, naye hakuniachia mkono wala hakunimalizia neno. Alinitazama usoni na kusubiri mpaka nikalitoa. Kipaza sauti amesema hatakileta, kwa kuwa mashahidi wawili na walii wa bibi harusi watakuwa wamekaa karibu nami na watanisikia.

Mama nitamwambia leo usiku kwamba lile kombe silihesabu kuwa lilipotea bure.