Kocha wa "kitambi kwisha siku 21": hela yangu umekula, mama yangu umemuumiza, halafu eti kosa ni langu?

Wakuu, mods naomba uzi huu msiufute. Nimeandika nikiwa na hasira, lakini jina la mtu sijaweka.

Mwezi wa pili nililipa 85,000 kuingia kwenye grupu la WhatsApp la kocha mmoja wa lishe. Mama wa watoto wawili mie, kazi yangu ya kukaa kwenye kiti kuanzia saa mbili mpaka saa kumi na moja, nyama uzembe zimenijaa kiunoni, nikaona picha za "kabla na baada" nikaingia kichwa kichwa. Masharti: ugali marufuku, wali marufuku, viazi, maharage, hata ndizi na embe marufuku. Asubuhi mayai mawili na tango, mchana kipande cha kuku na tango, usiku chai yao ya "kusafisha tumbo", pakiti 15,000, ambayo bei yake haimo kwenye ile 85,000. Hilo unaambiwa ukishalipa.

Siku ya sita nikapanda mzani: kilo nne zimetoka! Nikapigiwa makofi grupu zima, picha yangu ikawekwa kwenye tangazo.

Sasa nisikilizeni, maana hapa ndipo tunapopigwa. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina karibu kalori 7,700. Kilo nne ni zaidi ya 30,000. Gawanya kwa siku sita, unapata zaidi ya 5,000 kwa siku. Mwanamke wa ofisini kama mimi natumia kama 2,000 hivi kwa siku nzima, nikilala, nikifua na nikigombana na konda. Hata ningefunga kavu nisitie kitu mdomoni, hesabu haifiki. Kilichotoka kwa sehemu kubwa ni maji. Mwili unaweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini, kama gramu 400 hadi 500, na kila gramu inashikilia karibu gramu 3 za maji. Ukikata wanga ghafla, akiba inaisha na maji yake yanakwenda chooni. Siku ukirudi kula ugali, yanarudi. Na ile chai nilisoma nyuma ya pakiti: sena. Sena ni dawa ya kuharisha, inafanya kazi kwenye utumbo mpana wakati chakula kimeshafyonzwa juu huko kwenye utumbo mwembamba. Kwa hiyo nimelipa 15,000 ili niharishe.

Mwezi wa nne kilo zote nne zilikuwa zimerudi, na mbili za nyongeza. Nikamwandikia kocha. Jibu: "Dada, umechiti. Programu haina kosa, wewe huna nidhamu. Lipia awamu ya pili." Hivi jamani, dawa ikishindwa kwa mgonjwa mmoja tutasema mgonjwa mzembe. Grupu lile karibu wote tulirudi tulikotoka, wote tuna uzembe?

Haya yote ningemeza. Nisichomeza ni la mama.

Mama yangu ana kisukari, anameza vidonge vya kushusha sukari kila siku. Alipoona nimepungua akasema, "Na mimi niunge, mwanangu." Nikamuuliza kocha kabisa, nikamwambia ana kisukari na anatumia vidonge. Akasema hiyo ndiyo programu yake hasa, sukari itakwisha. Hakuuliza vidonge gani. Siku ya tatu alfajiri nimemkuta mama analowa jasho, anatetemeka, anaongea vitu havieleweki. Tulipomfikisha hospitali sukari ilikuwa imeshuka vibaya. Daktari akanieleza: kuna vidonge vinavyolilazimisha kongosho kutoa insulini, ile inayoshusha sukari, hata kama hujala, na ukikata chakula bila kupunguza dozi sukari inaanguka. Mtu anayebadilisha mlo akiwa kwenye dawa hizo anamwona daktari wake kwanza. Nilivyoliandika hilo kwenye grupu, niliondolewa ndani ya dakika mbili. (Ilikuwa dakika mbili kweli, niliangalia saa.)

Nesi wa kliniki ya kisukari ndiye aliyetukalisha, bure. Hakukataza ugali. Alichora sahani kwenye karatasi: nusu mboga, robo ugali, robo maharage au samaki. Akauliza chai tunaweka vijiko vingapi. Mimi vitatu, vikombe vinne kwa siku, yaani karibu gramu 48 za sukari, wakati Shirika la Afya Duniani linasema sukari ya kuongeza isizidi kama gramu 50 kwa siku kwa mtu anayekula kalori 2,000, na ikiwa 25 ni bora zaidi. Na hapo soda ya mchana sijaihesabu! Nikashuka hadi vijiko viwili, mwezi uliofuata kimoja. Mafuta sasa tunapima kwa kijiko, zamani tulikuwa tunamimina. Sembe tumebadili dona, wanangu walinuna wiki mbili wakazoea. Matembele, mchicha, dagaa, vyote vya gengeni. Jioni nashuka kituo kimoja kabla ya nyumbani, isipokuwa mvua ikinyesha, siku hizo nashuka mlangoni na sijilaumu.

Nimepungua kilo tano kwa miezi sita. Hakuna atakayenipiga picha kwa tangazo.

Lakini tangazo la kocha bado lina picha yangu ya zile kilo nne. Nimeomba mara tatu aitoe, simu hapokei. Anayejua pa kushtaki mtu anayetumia sura yako bila idhini aniambie hapa hapa. Na pakiti mbili za chai bado ziko kabatini, risiti ninayo, nataka 30,000 yangu.