Marekani: polisi anaruhusiwa lini kumpiga risasi mtuhumiwa anayekimbia?

Mdadisi_Sheria
Wakuu, naomba ufafanuzi kuhusu sheria ya Marekani. Wapo wanaoshikilia kwamba mtu akitenda kosa kubwa la jinai kisha akatimua mbio, askari ana haki ya kumfyatulia risasi asitoroke. Hata kama amempa mgongo na mikononi hana kitu? Na anayekimbia kwa gari je? Nataka kesi na vifungu, si hisia.

Kifungu_kwa_Kifungu
Hiyo ni kanuni ya kale iliyotoka Uingereza. Baadhi ya majimbo yaliishikilia hadi Machi 1985, Mahakama ya Juu ilipoamua Tennessee v. Garner kwa kura 6 dhidi ya 3. Kijana wa miaka 15, aliyeshukiwa kuvunja nyumba huko Memphis mwaka 1974, alikuwa akiparamia uzio wa futi 6 hivi. Askari alimmulika kwa tochi, akawa karibu na hakika kwamba hana silaha, akampiga risasi ya kisogoni. Alikutwa na mkoba na dola 10. Sheria ya Tennessee ilimruhusu askari kufanya hivyo. Mahakama ikasema kumpiga mtu risasi ni namna ya kumkamata, kwa hiyo Marekebisho ya Nne ya Katiba, yanayokataza watu kukamatwa au kupekuliwa isivyo halali, yanahusika, na jimbo haliwezi kuhalalisha kuuawa kwa mtoro asiye hatari.

Kinachotakiwa sasa: askari awe na sababu za msingi za kuamini kwamba mtuhumiwa ni tishio la madhara makubwa ya mwili, kwa askari mwenyewe au kwa wengine. Kwa mfano, amemtishia askari kwa silaha, au kuna sababu za msingi za kuamini ametenda kosa la kumjeruhi mtu vibaya au kutishia kufanya hivyo. Hata hapo, risasi iwe ni ya lazima kuzuia asitoroke, na onyo litolewe pale inapowezekana.

Wengi hukosea kwa kutazama jina la kosa. Kuvunja nyumba ni kosa kubwa, lakini mahakama ilikataa kuliona kuwa hatari kwa jina tu. Kanuni ya kale ilikuwa na mantiki enzi ambazo karibu kila kosa kubwa adhabu yake ilikuwa kifo na silaha zilikuwa duni. Hali zote mbili zimeshapita.

Hoja_na_Ushahidi
Nyongeza. Graham v. Connor (1989) ndiyo inayoeleza jinsi ya kupima: askari mwenye busara, akiwa pale pale na akijua yale tu yaliyojulikana wakati ule, angeona nini? Hiyo inakata pande mbili. Kisu kilichogunduliwa mfukoni baada ya risasi hakimwokoi askari ambaye hakukijua. Simu iliyodhaniwa kuwa bastola inaweza kumwokoa, ikiwa kudhani hivyo kulikuwa kwa busara.

Magari ni habari nyingine. Katika Scott v. Harris (2007) askari aligonga gari lililokuwa likikimbizwa ili kulisimamisha, dereva akapooza. Mahakama ikakubali, kwa sababu mwendo ule ulihatarisha watu wengine barabarani. Plumhoff v. Rickard (2014) ilikwenda mbali zaidi: risasi 15 zilihalalishwa kwa hoja kwamba askari hatakiwi kuacha kufyatua kabla tishio halijakwisha. Kwa maoni yangu hapo kipimo kililegezwa mno. Mei 2025, katika Barnes v. Felix, majaji wote waliikataa njia ya baadhi ya mahakama za chini ya kutazama sekunde za mwisho tu: mlolongo mzima wa tukio uhesabiwe.

Mdadisi_Sheria
Asante sana. Onyo ni lazima? Na kupiga hewani ndiyo onyo?

Kifungu_kwa_Kifungu
Onyo ni la mdomo: jitambulishe, amuru asimame, sema utafyatua. Unaliacha tu kama kulitoa kutagharimu maisha au hakuna nafasi. Kupiga hewani hakutakiwi na Katiba, na idara nyingi zinakataza. Risasi inayopanda lazima ishuke mahali. Sera ya Wizara ya Sheria ya mwaka 2022 kwa maofisa wa serikali kuu ilikataza pia kumpiga mtu kwa sababu tu anatoroka, na kufyatua kwa lengo la kulemaza gari tu.

Wakili_Pembeni
Tenganisheni maswali matatu, maana hapa ndipo mijadala huvurugika. Garner ni kesi ya madai: familia ilidai fidia chini ya kifungu namba 1983 cha sheria ya shirikisho, kinachomruhusu mtu kumshtaki ofisa aliyevunja haki zake za Katiba. Kushinda madai hayo hakumpeleki askari gerezani. Kwa jinai inategemea sheria ya jimbo, au kifungu cha 242 cha sheria ya shirikisho, ambacho kinataka ithibitishwe kwamba alivunja haki kwa makusudi. Sera ya idara ni jambo la tatu: anaweza kufukuzwa kazi bila kosa la jinai wala la Katiba.

Na hata kwenye madai kuna kinga: kama haki hiyo haikuwa imeshawekwa wazi na kesi zinazofanana, askari haguswi. Soma Brosseau v. Haugen (2004). Mtu alipigwa mgongoni akiondoka kwa gari, na mahakama ikampa askari kinga bila kusema kama risasi ile ilikuwa halali.

Majimbo yanaweza kukaza zaidi. California, tangu Januari 2020, mtoro anapigwa tu ikiwa kosa lake lilihusu kifo au jeraha kubwa, au tishio la hayo, na askari ana sababu ya kuamini atasababisha hayo tena asipokamatwa mara moja. Masharti yote mawili kwa pamoja. Kwa hiyo ukipewa kesi, anza na jimbo na tarehe ya tukio.