Mrejesho: Nimehama PostgreSQL 12, niko 16

Habari zenu wakuu. Niliuliza kama kuna haja ya kuhama PostgreSQL 12 (toleo la 12 la programu ya kuendesha hifadhidata) wakati hifadhidata yetu inafanya kazi vizuri tu. Asanteni sana mliojibu, hasa aliyesema nisiangalie uzuri wa toleo jipya, niangalie tarehe ya mwisho wa matengenezo. Kila toleo kuu hupata marekebisho kwa miaka 5, na la 12 lilifika kikomo Novemba 2024. Hoja hiyo ndiyo iliyonifanya niamue.

Walionishauri niende hadi 17, sikuwafuata. Toleo la 16 lilikuwa limeshapita marekebisho mengi madogo, na litahudumiwa hadi Novemba 2028, kwetu inatosha.

Nilirejesha nakala rudufu kwenye seva ya majaribio kwanza, nikaendesha pg_upgrade (zana ya kuhamia toleo jipya) na --check, yaani ikague tu bila kubadilisha kitu, kabla ya kugusa chochote. Kuhama kwenyewe kulikwenda salama. Baada ya hapo mfumo ulikuwa mzito mno mpaka nilipoendesha ANALYZE (amri ya kukusanya upya takwimu za majedwali, ambazo hifadhidata huzitumia kuchagua njia ya haraka ya kutafuta data), kwa kuwa takwimu hizo hazikuhama pamoja na data. Mkuu uliyenitahadharisha hilo, Mungu akubariki.

Kilichokwama ni programu ya zamani ya ripoti: iligoma kuingia. Tangu toleo la 14, chaguo-msingi la kulinda nywila ni mbinu ya scram-sha-256 badala ya ile ya zamani, md5, na kiunganishi cha programu hiyo (sehemu inayoiunganisha na hifadhidata) hakiielewi. Nimeiachia akaunti ya programu hiyo pekee md5 kwenye pg_hba.conf (faili linalopanga nani aingie na kwa njia gani). Ni kiraka tu, kiunganishi lazima kibadilishwe.