Najenga dau dogo kwenye banda la gari, mbao zimesinyaa. Naomba ushauri

Wakuu, habari za jioni. Niko Kigamboni. Mimi ni fundi umeme, vyombo vya baharini nilikuwa navitazama tu. Tangu Februari najenga dau dogo la tanga, urefu mita 4, upana 1.5, ndani ya banda la gari. Gari linalala nje, na mama watoto ameshachoka kuuliza.

Mkuku (uti wa chini wa chombo) tayari, mataruma (mbavu zake) nimetoa kwenye matawi ya mwembe yaliyopinda yenyewe. Shida ni mbao za ubavuni: niliuziwa kama kavu, kumbe mbichi. Bati la banda linawaka mchana kutwa, sasa mianya inapitisha sarafu.

Nikalafati (yaani nizibe mianya) sasa kwa pamba na sifa (mafuta ya papa), au nisubiri zimalize kukauka? Nahofia nikishindilia pamba nyingi, chombo kikishuka majini mbao zitavimba na kung'oa misumari. Jirani ananishauri nijaze gundi ya epoksi kote, lakini kwa mbao zinazocheza hivi sina imani nayo.

Mliokulia karibu na mafundi wa Bagamoyo, Nungwi au Lamu, wao hufanyaje?

Na swali la aibu: mlango wa banda nimeupima jana, una mita 1.4. Nibomoe ukuta?