Wakuu wa usingizi na upasuaji, mnafundishaje kumpima mgonjwa kabla ya oparesheni? Fomu zinajaa ila mgonjwa hajaulizwa

NesiWaGanzi:

Habari zenu wakuu. Mi ni nesi wa usingizi hospitali ya wilaya, huu mwaka wa saba nipo thieta. Mganga mfawidhi kanipa kazi ya kuwafundisha wenzangu nane, intani wawili, maklinikal ofisa watatu na manesi watatu wa wodi ya upasuaji, namna ya kumpima mgonjwa kabla hajaletwa kwetu. Nimepewa siku tatu, saa mbili kila siku baada ya raundi, projekta hakuna, ni mimi na ubao na wagonjwa waliolala wodini.

Chanzo cha yote ni hiki. Juzi kati aliletwa mama mmoja wa uvimbe kwenye kizazi, fomu imejaa juu mpaka chini, pale kwenye chakula imeandikwa hajala tangu jana usiku, sahihi ipo, ASA 1 (ASA ni namba ya hali ya afya ya mgonjwa kabla ya usingizi, 1 ni mzima kabisa, inapanda kadri anavyougua). Ameshapanda kitandani, laini ipo mkononi, dawa nimeshavuta kwenye sindano. Mi huwa nauliza tena mwenyewe hata kama fomu imejaa. Nikamwambia mama umekula nini leo, akasema sijala kitu nesi. Nikaongeza, na kunywa je? Akasema nimekunywa uji tu, kikombe kimoja, dada yangu kaniletea saa kumi na mbili na nusu. Hapo ni saa tatu kasoro. Mama wa watu hajadanganya hata kidogo, uji hauliwi, uji unanywewa, yeye kajibu alichoulizwa. Ningemlaza nusu kaputi na ule uji tumboni ukapanda ukaingia kwenye mapafu, saa hizi ningekuwa naandika kitu kingine hapa.

Alivyoshushwa nikapitia faili upya kwa utulivu, nikakuta kwenye karatasi ya kliniki ya miezi mitano nyuma ana presha na ana dawa. Kwenye fomu: presha, hapana. Nilipomuuliza akasema sasa hivi sina, ilishashuka.

Nikachukua mafaili ishirini ya karibuni nikaangalia, karibu wote ni ASA 1, hadi mjamzito, hadi babu wa miaka 74 mwenye pumu. Sio kwamba wenzangu ni wavivu, nawafahamu, wanakimbia sana. Ila hakuna aliyewahi kukaa nao pembeni ya kitanda akawaonyesha, fomu ilikuja na semina ya asubuhi moja na soda, basi.

Kwahiyo naomba mnisaidie, kwa waliowahi kufundisha hiki kitu. Mlianza na nini? Nifanyeje hawa watu waulize kweli badala ya kutiki? Na kwa siku tatu nikazanie kipi, kipi niache? Ntashukuru sana.

---

MkongweWaThieta:

Dada pole, na hongera kwa hilo swali la pili, limemuokoa huyo mama.

Mi nimefundisha hii kitu miaka mingi, ushauri wangu siku ya kwanza hiyo fomu usiitoe kabisa. Wapeleke kitandani mikono mitupu, kila mmoja akae na mgonjwa dakika kumi na tano wapige stori tu, halafu mkitoka aseme amegundua nini. Ndo mnarudi kwenye fomu, na wanaona wenyewe kila kisanduku kipo pale kwasababu gani.

Kazi kubwa ni maswali, na maswali yenyewe yawe ya Kiswahili cha mgonjwa. Ukimuuliza mtu una aleji na dawa yoyote atakwambia hapana, wengi hilo neno hawalijui. Muulize kuna dawa iliwahi kukuwasha, kukuvimbisha uso, kukukaba pumzi? Usiulize una presha, uliza kuna dawa uliwahi kuandikiwa ukaambiwa unywe kila siku, na ya mwisho umemeza lini? Dawa za kienyeji nazo usiulize kwa sura ya polisi, maana hatasema, mwambie watu wengi wanatumia mitishamba, wewe unatumia ipi. Na kwenye chakula fundisha swali moja tu: kitu cha mwisho kupita mdomoni mwako ni nini, na ilikuwa saa ngapi? Hapo uji hauponi, wala chai, wala ndizi aliyomegewa na mgonjwa wa kitanda cha pili.

Halafu wape masaa na sababu zake. Chakula na uji masaa 6, maziwa ya mama masaa 4, maji matupu masaa 2. Chai ya rangi iliyochujwa inahesabiwa kama maji, ukitia maziwa inakuwa chakula, hii wengi hawaijui kabisa na ndo inatuvuruga kila siku.

Kingine ni mdomo, kujua mapema kama kuweka mpira wa kupumulia kutakuwa kugumu. Hapa nataka uwe makini na kitu ambacho vitabu havisemi. Tunafundishwa mgonjwa akae, afungue mdomo wote, atoe ulimi bila kusema aaa, sisi tunatazama kimeo kinaonekana kiasi gani. Ndo kipimo cha Mallampati, daraja likipanda ndo koo linaonekana kidogo, ilianza 1985 na madaraja matatu, la nne likaongezwa 1987. Sasa kwetu kuna watu wengi tu walikatwa kimeo utotoni, mtoto akikohoa wiki mbili anapelekwa kwa mkataji. Kuna klinikal ofisa wangu aliandika daraja la tatu kwa kijana wa ngiri, nikaenda kumwangalia nikakuta koo liko wazi kabisa, kaakaa laini lote unaliona, nguzo za pembeni zote unaziona. Hakuona kimeo kwasababu kimeo hakipo. Kwahiyo wafundishe kutazama kaakaa na zile nguzo, na wamuulize mgonjwa kama alikatwa. Pia wasitegemee hiyo peke yake: mdomo unafunguka vidole vitatu vya mgonjwa mwenyewe? Shingo inarudi nyuma? Kuna jino linacheza au la bandia? Ndevu nyingi je, maana barakoa ya oksijeni haikai vizuri. Wafunguane midomo wao kwa wao kwanza, wakishaona koo nane tofauti hawatasahau.

---

SistaWaWodiTatu:

Naunga mkono ila niseme upande wetu wa wodi maana huwa tunalaumiwa sana.

Sisi tunaambiwa mgonjwa asiweke kitu mdomoni kuanzia saa sita usiku. Listi ina watu watano, dharura ikiingia ya mama mjamzito listi inasogea, wa tano anaingia saa kumi jioni. Huyo mtu kakaa masaa kumi na sita bila hata tone la maji. Mwezi wa pili nilikuwa na mtoto wa miaka minne wa ngiri alikuwa anasubiri hivyo, saa nane mchana nilimkuta analamba kitambaa mama yake alicholowesha kumfutia uso. Nikapiga simu thieta nikaambiwa bado bado. Hakuna aliyekuwa ametufundisha kwamba angeweza kunywa maji mpaka masaa mawili kabla, tungejua tungempa asubuhi ile ile.

Kwahiyo dada ukifundisha, manesi wafundishe kumpa mgonjwa maji, sio kumnyima tu. Na wewe utuahidi simu: listi ikibadilika mtu wa thieta apige wodini aseme fulani mpe maji, fulani msogeze.

La pili ni dawa. Ukimwambia ndugu mgonjwa asile kitu, anaficha na dawa zote. Nimeona mgonjwa wa moyo anayetumia atenololi, dawa ya kutuliza mapigo, kila siku akakosa asubuhi ya oparesheni kwasababu hiyo, mapigo yakaenda mbio thieta na ikawa shida. Hiyo alitakiwa ameze na funda la maji. Zile za presha zinazoishia na prili, kama enalaprili, daktari wa usingizi wetu anataka ziachwe siku moja kabla maana presha inadondoka sana mtu akishalala. Wa sukari nao, nani apunguze insulini na kiasi gani, iandikwe kwenye faili jioni, sio sista wa zamu ya usiku aamue peke yake. Na mgonjwa wa sukari awe wa kwanza kwenye listi, hilo halina mjadala.

---

DaktariWaBush:

Mimi natofautiana kidogo na Mkongwe kwenye kuificha fomu, maana siku tatu ni chache na hao watu Jumatatu wanarudi kujaza fomu hiyo hiyo. Ila kwenye maswali yuko sahihi.

ASA yenyewe fanya hivi: wawili wawili wampime mgonjwa mmoja, kila mtu aandike namba yake bila kuchungulia ya mwenzie, halafu wabishane. Namba moja ni mtu mzima wa afya kabisa asiyevuta sigara. Mjamzito mwenye afya njema tayari ni 2. Presha iliyotulia kwa dawa ni 2, isiyotulia ni 3, na babu wako wa pumu sio 1 hata iweje. Ikiwa ni dharura unaongeza E. Wakibishana mara sita saba inakaa kichwani.

Kupima uwezo wa moyo vitabu vinasema muulize kama anapanda ngazi ghorofa mbili bila kupumzika, sisi hapa hakuna hata ghorofa. Nauliza unachota maji mwenyewe? Ndoo ya lita 20 unaibeba mpaka nyumbani bila kusimama? Mlima wa kwenda kanisani unaupanda? Na muhimu zaidi, mwaka jana ulikuwa unaweza? Mtu aliyeacha kwenda shamba mwaka huu kwasababu ya pumzi, huyo msikilize kifua vizuri na umtazame miguu kama imevimba.

Vipimo msiagize kila kitu kwa kila mtu, mgonjwa analipa na majibu hayasomwi. HB (wingi wa damu) na grupu la damu kwa oparesheni kubwa, vingine vitokane na ulichosikia. Swali la jino ni zuri sana: uling'oa jino damu ikakataa kukata? Kwa mtoto muulize mama kama aliwahi kuvimba vidole vya mikono na miguu akiwa mchanga, au kulazwa kwa maumivu ya mifupa, au kuongezewa damu, maana sikoseli Tanzania ni nyingi na ukimlaza mtoto wa sikoseli bila kujua, akapata baridi na kukaukiwa maji, unamwingiza matatizoni.

Wakikuuliza kwanini wasumbuke, waambie habari ya Ifakara. Ile orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa hospitali nane duniani mwaka 2007 na 2008, moja ni ya Ifakara hapa hapa kwetu, pamoja na za London, Seattle na Toronto. Vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Halafu utafiti wa nchi 25 za Afrika uliotoka 2018, wagonjwa zaidi ya elfu 11, wastani wa umri miaka 38 tu, karibu mmoja kati ya watano alipata madhara na asilimia 2.1 walifariki, na wengi wa hao walifariki baada ya oparesheni. Kwahiyo kupima mapema ni pamoja na kuamua nani alale karibu na meza ya nesi usiku ule.

---

BintiWaMama:

Samahani mi sio mtu wa afya, nimepita tu. Mama yangu alipofanyiwa oparesheni ya pili aliulizwa kila kitu peke yake akiwa na maumivu makali, akajibu hapana hapana amalize. Mimi niliyekaa nje ndo nilikuwa najua kwamba ile ya kwanza alichelewa sana kuamka wakamweka kwenye mashine hadi jioni. Tafadhali waambieni wanafunzi wenu watoke nje waulize na ndugu. Alipona, namshukuru Mungu, ila nilikuwa natetemeka kwenye lile benchi.

---

NesiWaGanzi:

Wakuu asanteni sana, nimechapa majibu yenu nimebandika ofisini. Binti, hilo la ndugu nimeliandika la kwanza kabisa, Mungu ambariki mama.

Sista, simu nimeshaongea na mkuu wa thieta, kuanzia Jumatatu listi ikisogea mtu mmoja anapiga wodini, jina lake linaandikwa ubaoni.

Leo nimeanza. Fomu nimeiacha mezani kwa siku ya kwanza tu, kesho tunaijaza wote pamoja. Klinikal ofisa mmoja alikuwa na mzee wa ngiri wa kesho, akamuuliza mzee una presha, mzee akasema sina mwanangu. Nikamwambia muulize ile nyingine. Akauliza, mzee kuna dawa uliwahi kuandikiwa unywe kila siku? Mzee akaingiza mkono mfuko wa shati akatoa karatasi imekunjwa mara nne, amlodipini, dawa ya presha, kaacha tangu mwezi wa nne kwasababu alipimwa akaambiwa iko vizuri. Tukapima, 178 kwa 104. Yule kijana kanyamaza kama dakika nzima, halafu akachukua kalamu akafuta ile 1 akaandika 3, sijamwambia mimi. Mzee tumemrudishia dawa yake leo hii, tumempima tena jioni, daktari ataamua asubuhi kama anaendelea au anasogezwa.

Kesho pia ni zamu ya midomo, nimeshaazima tochi mbili.