Kuchuuza viwanja Second Life: bado kuna pesa?

Baharia_Likoni:
Salaam aleikum wadau. Nipo Likoni, nauza samani za kidijitali Second Life, ule ulimwengu wa mtandaoni wa kampuni ya Linden Lab: viti, vitanda, makabati ninayochora kwa programu ya Blender. Si pesa nyingi, ila kila mwezi natoa kitu PayPal kinaingia M-Pesa. Sasa mteja wangu mmoja anaacha mambo ya humo, ananiuzia kiwanja chake cha bara (ardhi ya Linden Lab wenyewe, si kisiwa cha mtu), mita za mraba 4,096, ubavu mmoja unagusa maji, kwa dola za Linden, pesa ya humo, 12,000. Kwa bei ya soko hiyo ni kama dola 48 za Marekani. Anasema nikikaa nacho wiki mbili tatu nitakiuza 18,000 bila jasho. Nimesoma pia habari za yule Anshe Chung, alianza na dola kumi akawa milionea. Kuna mtu hapa amefanya biashara hii akaona faida? Au niende Decentraland, ulimwengu mwingine kama huo, ambako viwanja haviongezeki? Naomba majibu ya waliofanya, si ya waliosikia.

Mkono_wa_Birika:
Kiwanja ambacho stima ikipotea nacho kimepotea! Nunua ploti Kilifi, bwana.

Baharia_Likoni:
Ploti ya Kilifi kwa dola 48? Nionyeshe ilipo, nakuja na panga sasa hivi.

BintiPangani:
Mdogo wangu wa Likoni, ardhi za humo ninazo tangu nikiwa mwanafunzi hapa Bremen, na mpaka leo nina wapangaji. Tuanze na hesabu.

Bei ya kununua ni ndogo, anayekula ni ada ya mwezi unayowalipa Linden Lab. Ukiwa na akaunti ya kulipia, ile ya Premium, unapata mita 1,024 za bure. Zinazobaki 3,072 hazihesabiwi mita kwa mita, zinapandishwa mpaka ngazi ya 4,096. Ngazi hiyo zamani ilikuwa dola 25 kwa mwezi. 2018 waliipunguza kidogo, bado ni dola ishirini na kitu. Na hapa ndipo wachuuzi wageni wanapokatwa bila kujua: ada inatozwa kwa kiwango cha juu kabisa ulichofikia ndani ya siku 30. Ushike kiwanja saa mbili au mwezi mzima, ni ileile. Kwa hiyo dola zako 48 zimeshafika sabini, na hapo hujatia ada ya Premium wala makato ya kubadilisha na kutoa pesa. Hiyo 18,000 unayoahidiwa ni dola 72. Halafu jiulize: angekuwa na mnunuzi wa 18,000, wewe angekuuzia 12,000 kwa lipi?

Anshe Chung ni mtu wa kweli, jina lake Ailin Graef, mzaliwa wa China aliyekuwa akiishi huku huku Ujerumani. Jarida la BusinessWeek lilimweka jaladani Mei 2006, na mwisho wa mwaka huo akatangaza kwamba mali zake za humo zimepita dola milioni moja. Wengi wanaishia hapo. Ile milioni ilikuwa thamani ya mali, sehemu kubwa ardhi, haikuwa pesa taslimu benki. Na yeye hakuwa ananunua kiwanja na kusubiri bei ipande. Alinunua seva nzima nzima, akazikata, akapanda miti, akachonga fukwe, akaweka sheria za ujirani ili mtu asijengewe mnara wa matangazo dirishani, kisha akauza na kupangisha rejareja. Alikuwa na wafanyakazi Wuhan wa kazi hizo. Ukiniuliza mimi, aliuza usimamizi. Ardhi ilikuwa kifungashio.

Sasa sikiliza kisa cha kabla yangu, wakongwe walikuwa hawachoki kukisimulia. Mwanzoni huko hukuweza kuruka moja kwa moja mpaka unapotaka. Ulitua kwenye kituo cha teleporti kilicho karibu, kisha unapaa mwenyewe mpaka uendako. Viwanja vilivyozunguka vituo vikawa dhahabu, watu wakajaza maduka, kwa sababu kila avata, yaani umbo la mchezaji, lazima apite hapo. Mwisho wa 2005 Linden Lab wakaviondoa vituo, kila mtu akawa anatua popote ramani inapomwelekeza. Hakuna mafuriko wala vita, ni toleo jipya la programu tu, na thamani ya ile kona ikayeyuka. Aprili 2008 tena: kisiwa kipya kilichokuwa dola 1,675 kikashushwa kuwa 1,000. Waliokuwa na visiwa vya kuuza wakaamka na bidhaa ya bei ya jana. 2019 wakaanzisha Bellisseria, bara zima la nyumba nzuri kwa wanachama wa Premium bila kodi ya ziada. Wapangaji wangu kadhaa walihamia kule, na siwalaumu, zile nyumba zina vibaraza vizuri kuliko vyangu.

Decentraland kweli viwanja vina hesabu, 90,601, kila kimoja mita 16 kwa 16. Novemba 2021, Facebook imetoka kujiita Meta, kuna kampuni ilinunua viwanja 116 vya mtaa wa mitindo kwa dola milioni 2.4 hivi. Bei zikaja kuporomoka, ilhali viwanja havikuongezeka hata kimoja. Wapitaji ndio walikuwa wachache, na kule nako mtu anaandika namba za mahali anatokea hapo hapo, hapiti mbele ya mlango wako.

Mimi ninachofanya: napangisha. Kasha la kodi mlangoni, mpangaji analipa kila wiki, anapata idadi fulani ya vitu vya kuweka. Kikikaa kitupu wiki tatu, faida ya miezi imekwenda. Inanilipia intaneti na simu, hainilipii nyumba.

Kasuku_Mdadisi:
Nyongeza ndogo. Hakikisha ni bara kweli na siyo kisiwa cha mtu. Kwenye kisiwa binafsi "unanunua" kwa ruhusa ya mwenye kisiwa. Akiacha kulipa Linden, kisiwa kinazimwa na kiwanja chako kinaondoka nacho. Fungua taarifa za ardhi usome masharti na jina la mmiliki wa eneo.

Baharia_Likoni:
Nimeangalia, ni bara. Dada BintiPangani, na nikikitaka kwa duka langu mwenyewe, si kwa kuchuuza?

BintiPangani:
Hapo hesabu inageuka. Mita 4,096 za bara zinabeba vitu 1,400 hivi, ukumbi mzima wa samani unaingia. Ada iweke kama kodi ya duka: mauzo yakiibeba, nunua. Lakini usitoe 12,000 kwa sababu ya maji. Ruka mpaka mpakani uangalie jirani kajenga nini, na kama hayo maji ni ya Linden au ni kiwanja cha mtu kilichochimbwa, maana mwenyewe anaweza kukifukia kesho.

Siku ya kuuziana, mwambie aweke jina lako kwenye sehemu ya mnunuzi. Akiacha "yeyote" na bei ya chini, kuna roboti zilizokuwa zikizunguka ramani mchana na usiku, zikikinyakua kabla hujabonyeza. Na aangalie kile kisanduku cha kuuza vitu pamoja na ardhi. Kikiwa na tiki, unaweza kuondoka hata na nyumba yake.

Baharia_Likoni:
Hicho kisanduku sitamkumbusha, hahaha. Nimemwambia 8,000. Kanijibu nimemtukana.

BintiPangani:
Muulize tarehe ya ada yake ni lini, kisha umtafute siku mbili kabla.